Bidhaa Mbele ya Macho: Historia Fupi ya Kupanga Duka

Wahenga wetu walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii husikika kila inapoulizwa mkutanoni kama yafaa kutumia fedha za wanachama kununulia rafu, taa au kioo cha duka. Mwenye kuitaja hudhani ameshinda hoja. Husema: sukari ni sukari, iwe katika gunia lililo gizani au katika chombo kilicho mwangani, mwenye haja nayo ataitafuta.

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, habari za mazao, maghala na hesabu zina waandishi wake. Mimi nakusudia kueleza jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna bidhaa zinavyowekwa mbele ya macho ya mnunuzi. Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, nayo imefungamana na historia ya ushirika wenyewe. Tukiifuata tutaona kwamba kupanga duka si urembo tu. Ni swali la uaminifu baina ya mwenye kuuza na mwenye kununua. Na katika duka la ushirika, mwenye kununua ndiye mwenye duka.

Duka la Toad Lane

Mwanzo wa maduka ya ushirika kama tuyajuavyo ulikuwa katika mji wa Rochdale, kaskazini ya Uingereza. Mji ule ulikuwa wa viwanda vya nguo, na mishahara ya wafumaji ilikuwa duni. Watu 28 walikusanya mtaji wa pauni 28, wakiweka akiba peni mbili kwa juma, na baadaye peni tatu. Wakapanga chumba cha chini cha ghala katika njia iitwayo Toad Lane, kwa kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Jumamosi tarehe 21 Desemba 1844, jioni, wakafungua duka.

Bidhaa zao zote zilikuwa hizi: ratili 28 za siagi, ratili 56 za sukari, ratili 672 za unga wa ngano, gunia moja la unga wa oti, na mishumaa. Gharama yake ilikuwa pauni 16, shilingi 11 na peni 11. George Jacob Holyoake, aliyeandika historia ya duka hilo katika miaka ya 1850, asimulia kwamba watoto wa mjini walikusanyika nje kuwacheka. Hapakuwa na kitu cha kupendeza macho. Hata hivyo jengo lile limehifadhiwa hata leo kuwa jumba la makumbusho, na ilipofika mwaka 1900 Uingereza ilikuwa na vyama vya ushirika vya namna hiyo zaidi ya 1,400.

Basi kama watu wa Rochdale hawakuwa na mapambo, walionyesha nini? Jibu ni kwamba walionyesha unga usiochanganywa na kipimo kilicho kamili. Katika siku zile uchafuzi wa vyakula ulikuwa umeenea mno Uingereza. Mikate ilitiwa shabu ili iwe myeupe, majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa na kuuzwa tena, na peremende za watoto zilitiwa rangi zenye sumu. Mnamo miaka ya 1850 daktari Arthur Hill Hassall alivipima vyakula vya madukani kwa hadubini, akatangaza matokeo katika gazeti la matabibu liitwalo The Lancet. Na mwaka 1860 ikatungwa sheria ya kwanza ya kuuzuia uovu huo. Lakini wale wafumaji walikuwa wamekwisha kuchukua hatua miaka kumi na sita kabla ya sheria. Unga wao haukung'aa kama ule uliotiwa shabu, na kwa hiyo wapo walioudharau kwa kuuona tu. Hapo ndipo penye fundisho la kwanza: kinachopendeza macho chaweza kuwa kibaya, na kilicho chema chaweza kukataliwa kwa sababu mnunuzi hakufundishwa kukitambua.

Kioo na bei iliyoandikwa

Wakati huohuo maduka ya mijini yalikuwa yakigeuka sura. Kwa muda mrefu kioo kilikuwa ghali Uingereza kwa sababu ya ushuru. Ushuru wa kioo ulifutwa mwaka 1845, na kodi ya madirisha ikafutwa mwaka 1851. Baada ya hapo hata mwenye duka la kadiri aliweza kutia dirisha pana, na mpita njia akaona bidhaa pasipo kuingia ndani. Lilikuwa badiliko kubwa, kwani zamani mtu alipoingia dukani alihesabiwa kuwa amekuja kununua, akaona haya kutoka mikono mitupu.

Kule Paris, Aristide Boucicaut alijiunga na duka la Bon Marché mwaka 1852, akashika desturi ya kuweka bei moja kwa watu wote na kuiandika juu ya bidhaa. Jambo hili twaliona la kawaida leo, lakini lilikuwa na maana kubwa. Bei isipoandikwa, mjuzi hununua rahisi na mgeni hununua ghali. Bei ikiandikwa, mtoto aliyetumwa na mama yake hupata haki sawa na mwenyekiti wa halmashauri.

Marekani nako kazi ya kupamba madirisha ikawa ufundi wenye walimu wake. Mwaka 1897 L. Frank Baum alianzisha mjini Chicago jarida lililoitwa The Show Window, lililowafundisha wenye maduka namna ya kuvuta macho ya wapita njia. Mwaka 1900 alichapisha kitabu kizima juu ya ufundi huo. Na mwaka uo huo akatoa hadithi ya watoto ya mchawi wa Oz, iliyompatia sifa duniani. Yaani mtu yule yule aliyewafundisha wauza nguo kupanga vitambaa alikuwa bingwa wa kutunga maajabu. Miaka michache baadaye, tarehe 15 Machi 1909, Gordon Selfridge alifungua duka lake kubwa Oxford Street, London. Mwaka ule Louis Blériot aliporuka kwa eropleni juu ya mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, Selfridge aliiweka eropleni hiyo dukani, na watu wakafurika kuitazama.

Sisi hatuna eropleni, wala hatuihitaji. Lakini yafaa tuone tofauti ya njia hizi mbili. Selfridge alimvuta mtu aingie kwa kitu kisichouzwa. Wafumaji wa Rochdale walimrudisha mtu kwa kitu alichokwisha kukinunua na kukila. Njia ya kwanza huleta umati wa siku moja, na ya pili huleta wanachama wa miaka. Duka jema halidharau lolote kati ya haya, ila lajua lipi ni msingi na lipi ni pazia.

Mnunuzi apita mwenyewe

Mwezi wa Septemba 1916, mjini Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Kabla ya hapo desturi ilikuwa mnunuzi asimame mbele ya meza, aseme atakacho, na mwuzaji amletee. Saunders aliwapa watu vikapu, wakapita wenyewe kati ya rafu, wakachagua na kulipa mlangoni. Tangu hapo rafu ikawa ndiyo mwuzaji. Kitu kisichoonekana hakikuuzwa, na kitu kisicho na lebo hakikuaminiwa.

Huko Uingereza walioongoza katika njia hiyo walikuwa wanaushirika. Mwaka 1942, vita vilipowachukua wafanyakazi wengi, Chama cha Ushirika cha London kilifungua mjini Romford duka la kujihudumia. Njia iliyobuniwa na tajiri mmoja kwa faida yake ikachukuliwa na wanachama kwa faida ya wote.

Upande wetu wa Afrika ya Mashariki

Tusidhani kwamba ufundi huu ni wa ng'ambo peke yake. Neno duka lenyewe lilitujia kwa njia ya bahari, na wauza kanga wa pwani walijua kuonyesha bidhaa kabla jarida la Chicago halijasomwa huku. Katika duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887 na ambalo alama yake, Mali ya Abdulla, yajulikana na kila mama, kanga ilikuja kuwa kitu cha kusomwa pamoja na kuvaliwa. Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi. Mwenye duka akiitundika kanga hata jina lake lisomeke, hana haja ya kupiga kelele.

Tanganyika ilipopata uhuru, vyama vya mazao vilikwisha kuwa na nguvu. Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kiliandikishwa mwaka 1933. Lakini kuuza kahawa ya mkulima ni kazi moja, na kumwuzia mkulima sabuni ni kazi nyingine. Mwaka 1962 ikaundwa Cosata, ili maduka ya ushirika yapate mahali pa kununulia kwa jumla. Nia ilikuwa njema, lakini maduka mengi hayakudumu, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla iliwekwa mikononi mwa shirika la serikali.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Wenye maduka binafsi vijijini walitakiwa kufunga, na maduka ya vijiji na ya ushirika yashike nafasi yao. Mwaka uo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, wala havikurudi mpaka sheria ya mwaka 1982. Ikafuata miaka ya uhaba. Wazee waikumbuka vizuri: rafu zilikuwa wazi, lakini bidhaa zilikuwako chini ya meza kwa ajili ya jamaa na marafiki. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine alipokuwa Waziri Mkuu, serikali iliwasaka walanguzi, na bidhaa nyingi zilizofichwa zikatolewa nje.

Natia mkazo jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha maneno yangu. Jeraha la miaka ile halikuwa uhaba peke yake. Mwanachama aliyekuta rafu tupu katika duka lililoitwa lake, kisha akamwona jirani akitoka na sukari kwa mlango wa nyuma, alijifunza kwamba neno ushirika halina maana. Tangu katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, bidhaa zikarudi upesi. Imani ilichelewa sana kurudi, na mahali pengine haijarudi.

Yatupasayo sisi

Kutokana na historia hii, yako mambo machache yawezayo kufanywa na duka lolote la chama, hata lenye chumba kimoja na bati juu.

Kwanza, bei ya kila kitu iandikwe na kuwekwa mahali pasomekapo tangu mlangoni. Ubao na chaki vyatosha.

Pili, mizani ielekezwe kwa mnunuzi, asilazimike kuamini asichokiona.

Tatu, bidhaa zilizotangulia kuja ziwekwe mbele na zilizokuja nyuma ziwekwe nyuma, na tarehe ya mwisho ya matumizi ielekee nje. Anayegeuza lebo ukutani anarudi katika desturi ya shabu.

Nne, dawa za wadudu na za magugu ziwe na kabati lake lenye kufuli, mbali na unga, chumvi na mafuta ya kula. Hapa kupanga vibaya si hasara ya fedha, ni hatari ya roho za watu.

Tano, mifuko ya mbolea ikae juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, maana hunyonya unyevu na kuganda. Mbegu zikae mahali pa baridi, pasipopigwa na jua, na mfuko mmoja uwekwe karibu ili mwanachama asome alama zake na kutambua mbegu ya kweli na ya bandia.

Sita, rafu za mbele zifuate majira ya shamba. Wakati wa kupanda zionyeshe mbegu na majembe; wakati wa kuvuna, magunia na dawa ya kuhifadhia nafaka. Mkulima akiingia aone kwamba duka lake lajua yuko wapi katika mwaka wake.

Saba, juu ya gunia la maharagwe kusiwe na maharagwe yaliyo bora kuliko yaliyo chini.

Hakuna katika haya lihitajilo fedha nyingi. Yanahitaji mwuza duka aliyefunzwa, na halmashauri ambayo, ikija kukagua, haifungui daftari tu bali hutazama rafu pia. Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo bidhaa isiyoonekana huozea ghalani, na hasara yake huandikwa katika daftari la wote.

Turudi basi kwa methali yetu. Kizuri chajiuza, ndiyo. Lakini hakijiuzi gizani, wala hakijiuzi pale ambapo watu wamekwisha kudanganywa mara nyingi. Katika miaka kumi hii wanachama wametuamini kwa mazao yao na akiba zao. Katika kumi ijayo, kila mmoja wao aingiapo katika duka la chama na aone kwa macho yake kile alicho nacho, kwa bei ileile aliyoandikiwa jirani yake.

Ushirika wetu udumu.