Spoki, Jogoo na Ndoano

Kabla sijafika hapa kambini niliishi Jinja miaka miwili, halafu nikahamia Mbale. Kwetu ni Uvira. Mimi mtoto wa ziwa, nyavu nazijua tangu utoto. Lakini kazi niliyojifunza Mbale sikuwahi kuiona kwetu: kufunga inzi bandia wa kuvulia. Unachukua ndoano tupu, unaivika manyoya na uzi, mpaka samaki adhani ni mdudu kaanguka majini.

Aliyenifundisha ni mzee jirani, Mkenya, aliyefanya kazi hiyo ujanani. Nikamwambia, "Mzee, si huu ni mchezo wa wazungu?" Akacheka. "Kijana wangu, fimbo ndiyo yao. Inzi tunawafunga sisi."

Ndipo nikaanza kufuatilia historia. Samaki trauti hakuwa wa Kenya. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, kwa meli na treni, kisha yakapandishwa na wapagazi hadi mto Gura, milima ya Aberdare, ili walowezi wapate mchezo wa kwao. Baadaye Waafrika walifundishwa kufunga inzi, na kazi ikawa yao. Leo Kenya ni moja ya nchi zinazouza inzi wengi ng'ambo. Mvuvi wa Ulaya au Marekani ananunua dukani, hajui mkono gani ulifunga.

Na Jinja je? Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika pale Nile inapotoka ziwani. Yeye mwenyewe aliandika kwamba aliona samaki wakiruka kwenye maporomoko, na wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya miamba na fimbo na ndoano. Kumbe siku "aliyogundua" chanzo cha mto, watu walikuwa kazini! Maporomoko akayaita Ripon, jina la bwana mkubwa wa Uingereza, likaingia kwenye ramani. Wavuvi wale hakumtaja hata mmoja kwa jina. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na miamba ile ikamezwa na maji.

Tusidhani lakini kwamba wenzetu wa Uingereza walianza na maduka. Kitabu chao cha uvuvi kilichochapishwa mwaka 1496 kinataja inzi 12, na pia kinamfundisha msomaji kutengeneza ndoano kwa sindano ya kushonea: iweke kwenye moto wa mkaa mpaka iwe nyekundu, ipoe, ichonge kijino kwa kisu, ikunje, ipashe tena, kisha itumbukize majini iwe ngumu. Hiyo ni jua kali kabisa, miaka mia tano iliyopita.

Mzee naye alianzia hapo hapo. Mashariki mwa Uganda ni nchi ya baisikeli. Boda boda yenyewe ilizaliwa mpakani Busia kwa baisikeli, kabla ya pikipiki. Kwa hiyo spoki kuukuu hazikosi kwa fundi yeyote.

Cha kwanza ni jiliwa, wengine wanaita vaisi, la kushika ndoano. Chukua boliti nene, pasua ncha yake kwa msumeno wa chuma, toboa tundu la kukatiza, pitisha skrubu ndogo yenye nati. Ukikaza, midomo inabana. Lipigilie kwenye kipande cha mbao.

Cha pili, kishika uzi. Kunja spoki kama herufi U, miguu yake miwili ibane roli ya uzi pande zote. Pale kwenye kona funga mrija wa kalamu, uzi upite humo. Ncha ya mrija ipashe moto kidogo ilainike, la sivyo itakata uzi. Ukiachia mkono, uzito wake unashikilia uzi usifumuke.

Cha tatu, kibanio cha unyoya. Waya wa springi uliokunjwa ukakatizana, midomo yake ivishwe mpira wa tyubu. Chuma kitupu kinavunja unyoya. Na unyoya mzuri ni wa shingo ya jogoo. Ukiuzungusha kwenye ndoano unasimama kama miguu ya mdudu.

Sasa niseme neno kwa ndugu zetu wa mashirika. Katika mradi mmoja tuligawiwa masanduku ya vifaa vya ufundi, vinang'aa. Springi ya koleo langu ilikatika mwezi wa pili. Spea hakuna. Wengine waliuza vyao wanunue unga, na siwalaumu. Masanduku leteni, tunashukuru. Lakini ulizeni kwanza: kati ya vifaa hivi, vipi tunaweza kuvitengeneza wenyewe? Hapo leteni msumeno, tupa na mtu wa kufundisha.

Nasema hivi kwa sababu begi langu lilipotea njiani nikija huku. Jiliwa, spoki, manyoya, vyote vikaenda. Nilikaa siku mbili nimenuna. Siku ya tatu nikaenda kwa fundi baisikeli hapa kambini, nikaomba spoki mbili na boliti. Jioni nilikuwa nafunga.

Leo nina wanafunzi wawili, wa kike na wa kiume. Kila mmoja akimaliza jiliwa lake, namwambia achome jina lake kwenye mbao kwa msumari wa moto, kabla hajafunga inzi wa kwanza.