Kibali cha Mbuzi: Mipaka na Bei ya Mfugo Kutoka Uluguru

Kinole, kata iliyo kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, inasifika kwa ndizi, machungwa, mananasi na viungo. Ng'ombe si wengi huko. Mashamba yamebanana juu ya mwinuko, na Mluguru tangu zamani ni mtu wa jembe la mkono. Kinachouzwa ada ya shule inapodaiwa ni mbuzi au kuku. Hata hivyo, mbuzi huyo akishushwa kwenda mjini Morogoro anavuka mpaka: anatoka Halmashauri ya Wilaya na kuingia Manispaa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka mfugo unaosafirishwa uwe na kibali. Sharti hilo limerithiwa kutoka historia ndefu, na chanzo chake ni hofu ya kweli.

Miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na Wamasai wengi wakabaki mikono mitupu. Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa. Waingereza walipoishika Tanganyika waliendeleza kazi hiyo, pamoja na karantini, chanjo na njia maalumu za kuswaga ng'ombe. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 iliendelea hadi bara, na ng'ombe wa Ugogo wakaweza kupanda behewa kwenda Dar es Salaam.

Karantini ilikuwa na sura nyingine pia. Nchini Kenya, walowezi waliogopa magonjwa, lakini waliogopa vilevile ushindani wa ng'ombe wa bei nafuu. Ng'ombe wa Wamasai walifungiwa ndani ya mipaka ya hifadhi yao kwa miaka mingi, huku soko la Nairobi likiwa jirani tu.

Uhuru haukuufuta mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa hadi 1983. Biashara ikahamia njia za panya. Anayeuza usiku hana nafasi ya kubishania bei, na ng'ombe anayepita kwa siri hakaguliwi na mtu. Kwamba ukaguzi una maana kulionekana mwaka 1990: homa ya mapafu ya ng'ombe, iliyokuwa imetoweka Tanzania tangu 1964, ilirudi kupitia mpaka wa kaskazini. Ndani ya miaka michache ilikuwa imeenea hadi mikoa ya kusini.

Morogoro nayo ilionja mwaka 2007. Homa ya Bonde la Ufa iliupiga mkoa huo na jirani yake Dodoma kuliko sehemu nyingi za nchi. Minada ilifungwa, mifugo ikazuiwa kuhamishwa, walaji wakaikimbia nyama ya ng'ombe. Zaidi ya watu 100 walifariki nchini. Mfugaji ambaye zizi lake halikuguswa na ugonjwa alikosa mnunuzi sawa na yule aliyepoteza mifugo.

Miaka kumi baadaye mpaka ulizungumza kwa sauti ya mnada. Oktoba 2017 Tanzania ilikamata na kupiga mnada ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya walioingia kutafuta malisho mkoani Kilimanjaro. Mwisho wa mwezi huohuo vifaranga 6,400 waliotoka Kenya waliteketezwa Namanga, sababu iliyotolewa ikiwa ni tahadhari ya mafua ya ndege. Wakati huo nchi hizo zilikuwa ndani ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya iliyofufuliwa tangu 2005. Ushuru ulikuwa umeondoka kwa mifugo ya Jumuiya, lakini cheti cha afya na kibali vilibaki, na hivyo ndivyo vinavyoamua nani avuke.

Hapo ndipo mfugaji mdogo anapoumia. Mwenye lori la ng'ombe hugawanya gharama ya vibali, ukaguzi na safari za ofisini kwa kila kichwa alichopakia. Mwenye mbuzi wawili hubeba gharama hiyo peke yake, kwa hiyo humuuzia mchuuzi kijijini kwa bei ya kijijini. Mchuuzi huchukua karatasi, na faida ya soko la mbali humwangukia yeye.

Karatasi hiyohiyo inaweza kumfaa mfugaji. Upande wa magharibi wa Uluguru, Mgeta, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walioletwa miaka ya 1980 walizaa biashara ya mbuzi wa mbegu. Anayenunua mbuzi wa mbegu ananunua ukoo na afya yake, na ushahidi wa vyote viwili umo kwenye kumbukumbu za mfugaji na cheti cha mtaalamu.

Magonjwa hayajaisha, kwa hiyo kufuta vibali si jibu. Kinachotakiwa ni mtaalamu wa mifugo anayepatikana katani, ada inayolingana na idadi ya mifugo, na cheti kinachokubalika pande zote za mpaka. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa minada zianze kwa kutenga sehemu ya fedha hizo kwa kazi hiyo.