Majina Yasiyoandikwa: Historia ya Ajali za Kazi katika Migodi ya Kolwezi



Siku ya Alhamisi, tarehe 27 Juni 2019, njia mbili za chini ya ardhi ziliporomoka katika mgodi wa KOV, hapa kwetu Kolwezi. Mgodi huo umo ndani ya eneo la Kamoto Copper Company, kampuni iliyo chini ya Glencore ya Uswisi. Waliofukiwa na vifusi hawakuwa waajiriwa wa kampuni hiyo. Walikuwa wachimbaji wa mikono, wale ambao mjini huitwa creuseurs, walioingia humo kutafuta shaba na kobalti. Kampuni ilitangaza kwanza vifo 19, na baadaye hesabu ya viongozi ikapanda hadi 43. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima ikiwa na idadi. Majina ya marehemu yalibaki katika midomo ya mama zao.

Tunaanza na tukio hili kwa sababu linatuuliza swali la zamani kuliko sisi sote: mtu anapoumia akifanya kazi katika udongo huu wa shaba, ni nani anayeandika jina lake? Swali hilo si dogo. Tukiipitia historia ya Kolwezi, tutaona kwamba aliyejeruhiwa alipata haki yake pale tu alipokubaliwa kuwa mfanyakazi na jina lake likawekwa daftarini. Jina lilipotoka daftarini, maumivu yalibaki palepale, lakini wajibu wa kuyatuliza ukakosa mwenyewe.

Nyakati za Union Minière

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Kazi ilihitaji watu wengi kuliko wale waliokuwa wakiishi karibu na migodi. Kwa hiyo mwaka 1910 ilianzishwa ofisi ya kuandikisha vibarua, Bourse du Travail du Katanga, ambayo watumishi wake walizunguka vijijini kutafuta wanaume. Baadaye wengine waliletwa kutoka nchi za mbali zaidi, hata Rwanda na Burundi.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, mawe na mashine viliua, lakini magonjwa yaliua zaidi. Watu waliotoka katika hewa ya vijijini walilazwa katika mabanda yaliyosongamana, wakala chakula wasichokizoea, wakafanya kazi nzito kupita nguvu zao. Nimonia, kuhara na homa ya matumbo viliwamaliza wengi, na mafua makuu ya mwaka 1918 yakaongeza makaburi. Aliyedhoofika alirudishwa kwao, na aliyefia njiani hakuhesabiwa na mgodi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu wafanyakazi kuishi na wake na watoto wao kambini, ikajenga hospitali, zahanati na shule. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa waliosimamia mpango huo. Tusidanganyike kuwa huruma peke yake ndiyo iliyoleta mabadiliko hayo. Kumtafuta kibarua mpya mbali kulikuwa na gharama kubwa, na mfanyakazi mwenye afya alileta faida kuliko mgonjwa. Hata hivyo, jambo moja la maana lilitokea: mfanyakazi alipata namba yake, matrikule, na nyuma ya namba hiyo palikuwa na jina, mke, watoto na karatasi ya daktari. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi, nao ulikua katika utaratibu huo wa kambi na daftari.

Lakini daftari liliwekwa na bwana, si na mfanyakazi. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mishahara. Tarehe 9 mwezi huo, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pamoja na wengine wengi, na hesabu ya waliokufa ingali ikibishaniwa mpaka leo. Mfanyakazi aliyeandikwa kambini kwa usahihi, hata siku za kuugua kwake zikajulikana, hakuhesabiwa kwa usahihi uleule siku alipouawa kwa kudai chake.

Kengele ya Marcinelle

Tuvuke kidogo tuende Ubelgiji, nchi iliyotutawala, kwa maana huko nako kulikuwa na mashimo na vilio. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulizuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, huko Marcinelle. Watu 262 walikufa. Kati yao 136 walikuwa Waitaliano, watu maskini waliopelekwa na nchi yao kuchimba makaa ya Wabelgiji.

Wageni hao walidharauliwa walipokuwa hai. Lakini kila mmoja wao alikuwa na jina katika orodha ya waliotelemka asubuhi ile, na orodha hiyo haikuweza kufichwa. Italia ikaacha kupeleka watu wake katika migodi ya Ubelgiji. Usalama wa mgodini ukawa jambo la mataifa ya Ulaya, si la mwenye mgodi peke yake. Hadi sasa, kila mwaka inapofika tarehe 8 Agosti, kengele hupigwa pale Marcinelle kwa ajili ya wafu hao. Hatusemi kwamba Wazungu wanajua kulia kuliko sisi. Tunasema kwamba orodha ya majina iliwapa walio hai mahali pa kuanzia kudai.

Kutoka matrikule hadi shimo

Baada ya uhuru, nchi yetu nayo iliweka msingi mwema. Sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunda taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, INSS, ambayo leo inaitwa CNSS. Katika hifadhi hiyo, anayeumia kazini, au anayepata ugonjwa utokanao na kazi, ana haki ya matibabu na fidia. Akibaki na ulemavu, hupewa malipo ya kumsaidia. Akifa, mjane na mayatima wake hawaachwi mikono mitupu. Lakini mlango wa haki hiyo una ufunguo mmoja: mwajiri amwandikishe mfanyakazi, kisha aitangaze ajali inapotokea.

Mwaka 1967 mali za Union Minière zikawa za taifa, na ndipo ikazaliwa Gécamines. Wazee wetu wanaikumbuka kama baba na mama: ilitoa mshahara, unga, shule na hospitali. Mwaka 1986 ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Lakini fedha ziliendelea kuchotwa, na mitambo na nguzo za mgodi hazikutunzwa ipasavyo. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Mishahara ikakatika kwa miezi mingi. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari, wakapewa fedha ambazo nyingi ziliisha kabla ya watoto kumaliza shule.

Hapa ndipo historia yetu ilipogeuka. Mtoto wa mwenye matrikule alichukua nyundo na patasi, akaingia shimoni bila matrikule. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliruhusu watu kuchimba kwa mikono, na Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ikautambua uchimbaji huo: maeneo maalum yatengwe, mchimbaji awe na kadi, na shimo lisizidi mita 30. Kwenye karatasi yote ni mazuri. Ardhini, maeneo yaliyotengwa yalikuwa machache, na madini bora yalikuwa tayari ndani ya mipaka ya makampuni. Basi watu wakachimba palipo na madini. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, hata sakafu za vyumba zikageuka midomo ya mashimo.

Tujue vizuri jinsi shimo linavyoumiza. Udongo uliokatwa bila nguzo za mbao husimama imara wakati wa kiangazi. Mvua zikianza kunyesha hunywa maji, huwa mzito, kisha hushuka ghafla. Njia ndefu isiyo na hewa humlegeza mtu kabla hajatambua. Kamba iliyochakaa hukatika. Jiwe hudondoka kutoka mkononi mwa mwenzake aliye juu. Tena liko jeraha lisilotoa damu, nalo ni vumbi. Uchunguzi wa Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko watu wa mtaa wa jirani usio na mashimo, na watoto ndio waliozidi.

Na hesabu je? Amnesty International ilipoandika mwaka 2016 kwamba wachimbaji wasiopungua 80 walikufa chini ya ardhi katika Katanga ya kusini kati ya Septemba 2014 na Desemba 2015, hesabu hiyo ilitokana na habari za Radio Okapi. Ajali ambayo mwandishi wa habari hakuisikia haikuingia katika hesabu. Tarehe 15 Novemba 2025 daraja la muda lilianguka katika machimbo ya Kalando, hapa hapa Lualaba, watu walipokuwa wakikimbia kwa pamoja. Waziri wa mkoa alitaja vifo visivyopungua 32; ripoti ya SAEMAPE, taasisi ya serikali inayowasimamia wachimbaji wadogo, ilitaja 40. Kati ya 32 na 40 kuna watu wanane. Wanane hao ni wana wa watu.

Wala tusidhani kwamba ndani ya ukuta wa kampuni kila mtu ameandikwa. Wengi wa wanaofanya kazi katika migodi mikubwa ya Kolwezi wameajiriwa kupitia makampuni ya kati, kwa mikataba mifupi. Mtu wa namna hiyo akivunjika mkono huogopa kusema, maana kesho anaweza kuambiwa mkataba wake umekwisha.

Nani alaumiwe?

Baada ya ajali ya KOV wengi walisema: waliingia kwa wizi, wamejitakia. Ni kweli kwamba waliingia pasipo ruhusa, na mwenye mgodi ana haki ya kuonya juu ya hatari. Lakini Injili ya Luka inatukumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Bwana aliwauliza wasikilizaji wake kama wale walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu, naye mwenyewe akakataa. Kosa la kuvuka uzio halimwondolei mtu jina lake, wala halimfanyi mkewe asiwe mjane.

Wahenga walisema: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Tusingoje dunia itulilie. Parokia zetu zina kitabu cha marehemu, na humo kila aliyezikwa na Kanisa huandikwa kwa jina, awe na matrikule au asiwe nayo. Kikundi cha vijana kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa majeruhi: kuwatembelea, kuandika jina, tarehe, mahali na namna ya ajali, na kutunza nakala za karatasi za hospitali. Aliye na mkataba, tumsindikize CNSS kabla siku hazijapita. Asiye na mkataba, angalau ushuhuda wake usipotee. Siku sheria itakapopanua mlango wake, hatutaki wakaazi wa shimoni wakutwe hawana hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mtu aliyeumia mgodini ambaye hatujamtembelea? Tunalijua jina lake kamili?

2. Wazee wetu waliofanya kazi Gécamines wanakumbuka nini kuhusu ajali na matibabu ya wakati wao? Tuwaulize, tuandike.

3. Tunaposikia kwamba shimo limeporomoka, neno letu la kwanza huwa nini: lawama, au jina la mtu?