Sisi Tuliozaliwa Tarehe 1 Januari

Kwenye kadi yetu ya mgao, watu watatu wa nyumba moja tumezaliwa siku moja: 1 Januari. Mama, mjomba, na mimi. Karani aliuliza tarehe, tukanyamaza, akaandika. Juzi jirani akatusomea nyota kwenye simu: eti sote ni Mbuzi, watu wavumilivu, wagumu wa pesa. Tulicheka sana. Lakini nikabaki najiuliza, hii kazi ya nyota ilianzia wapi?

Ilianzia Babeli na nchi za jirani zake, Iraki ya leo. Zamani zile nyota hazikumhusu mtu kama mimi au wewe. Zilimhusu mfalme na nchi yake. Ishara za mbinguni ziliandikwa kwenye vibao vya udongo, mkusanyo wa vibao kama 70 uitwao Enuma Anu Enlil. Jambo la kuogopwa hasa lilikuwa kupatwa kwa mwezi. Katika karne ya 7 kabla ya Kristo, huko Ashuru, wanajimu wakiona kivuli kimemlenga mfalme, walitafuta mtu wa chini, wakamvika nguo za kifalme na kumkalisha kwenye kiti. Mfalme mwenyewe alijificha, na kwenye barua wakamwita "mkulima". Muda ukiisha, yule wa badala aliuawa, na hapo ishara ikahesabiwa imetimia. Jamani! Nyota mbaya ni ya mkubwa, anayekufa ni mdogo.

Karne ya 5 kabla ya Kristo njia ya jua iligawanywa mafungu 12, kila moja digrii 30. Ndizo buruji. Ramani za kuzaliwa za kale zaidi zinazojulikana ni za mwaka 410 kabla ya Kristo, na hizo ni za watoto, si za nchi. Wayunani wakaongeza saa: buruji gani inachomoza mashariki mtoto anapolia mara ya kwanza? Hiyo hubadilika kila saa mbili hivi. Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi, na mama anachokumbuka ni kwamba majogoo walikuwa wanawika na mpunga ulikuwa haujapandwa.

Halafu kuna hili ambalo simu haisemi. Mhimili wa dunia unayumba polepole, hivyo buruji na nyota zake zimeachana. Tarehe 1 Januari jua liko mbele ya nyota za Mshale, siyo za Mbuzi.

Elimu hii ilipita Baghdad, ikafika pwani yetu na majina ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza. Huko pwani asiyejua siku yake hakuachwa. Mwenye falaki huchukua jina lake na la mama yake, akajumlisha thamani za herufi za Kiarabu, akagawa kwa 12. Kinachobaki ndiyo nyota yake.

Nikamwambia mama, tujaribu basi. Akachukua kadi, akaitazama.

"Tuhesabu jina gani?" akaniuliza. "Hili langu walisharuka herufi mbili."