Ruzuku ya Dharura kwa Wanafunzi wa Vyuo, Marekani

Ruzuku ya dharura ni fedha anazopewa mwanafunzi wa chuo aliyekwama ghafla, bila kutakiwa kuzirudisha. Hulipia kodi ya nyumba, chakula, matibabu au hata matengenezo ya gari.

Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, kilianzisha mpango wake mwaka 2011. Mwanafunzi haombi: chuo chenyewe hupekua hesabu zake, na kikimbaini anayekaribia kuhitimu huku deni dogo la ada likitishia kumfutia usajili, humlipia.

Janga la UVIKO-19 lilipanua utoaji wa ruzuku za dharura nchi nzima. Sheria ya CARES, ya serikali ya shirikisho ya kukabiliana na athari za janga hilo, iliyosainiwa tarehe 27 Machi 2020, ilivitaka vyuo viwagawie wanafunzi angalau nusu ya fedha ambazo vyuo vilitengewa, nusu hiyo ikiwa jumla ya zaidi ya dola bilioni 6.