Valvu ya tairi la trekta lenye maji: Namna ya kuitengeneza bila kuhatarisha maisha

WAKULIMA wa ngano, shayiri na mahindi katika maeneo ya Njoro, Rongai, Molo na Mau Narok wana desturi ya miaka mingi ya kutia maji ndani ya matairi ya nyuma ya trekta. Maji hayo huongeza uzani, na magurudumu hushika ardhi badala ya kuzunguka bure plau inapozama katika udongo mkavu wa Januari na Februari. Hata hivyo, tairi la namna hii lina udhaifu wake, nao umo katika kijibomba cha shaba kisichozidi urefu wa kidole. Valvu ikiharibika wakati huo, kazi husimama, na mvua ya masika huenda ikaanza kabla shamba halijalimwa.

Matairi ya upepo yalianza kuuzwa na trekta mwaka wa 1932, kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilipoyatia mahali pa magurudumu ya chuma. Yalikuwa mepesi kuliko chuma, na ndipo wakulima walipoanza kutafuta njia ya kuyaongezea uzani. Maji yakawa jibu la bei nafuu. Tairi la kipimo cha 18.4-30, ambalo huonekana sana katika trekta kama Massey Ferguson 385, humeza kati ya lita 270 na 300 likijazwa robo tatu. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja, matairi mawili huongeza zaidi ya nusu tani kwenye mhimili wa nyuma.

Katika nchi za baridi kali maji hayo huchanganywa na kloridi ya kalsiamu ili yasigande. Bonde la Ufa halina haja hiyo. Hata Mau Narok, ambako umande huganda baadhi ya usiku, jua la asubuhi hupasha joto kabla maji ya tairi hayajaganda. Lakini anayenunua trekta kuukuu iliyotoka Ulaya anafaa kujihadhari, kwani huenda ikaja na chumvi hiyo ndani. Dalili zake ni ukoko mweupe kandokando ya valvu, shaba iliyogeuka kijani, na kutu inayokula rimu. Maji hayo hayafai kumwagwa shambani kwa sababu huunguza mimea.

Valvu ya tairi la maji si sawa na ile ya gari dogo. Ina sehemu mbili. Ya nje ni pana na imeshikana na tyubu, au na rimu ikiwa tairi halina tyubu. Ya ndani hufungwa kwa hesi ndani ya ile ya nje, na ndiyo inayobeba kiini kinachozuia upepo. Ikifunguliwa, maji hupita upesi kwenye tundu pana lililobaki. Umuhimu wa kulijua hili ni kwamba mara nyingi kinachovuja ni kiini au sehemu ya ndani tu, na vitu hivyo hubadilishwa kwa dakika chache bila kugusa tairi.

Ili kujua tatizo liko wapi, gurudumu huzungushwa hadi valvu iwe juu kabisa, kisha hupakwa maji ya sabuni. Mapovu yakitoka mdomoni, kiini kimechoka. Yakitoka penye hesi ya sehemu ya ndani, mpira wa kuzuia umeisha. Maji yanapotoka kwenye tundu la rimu, mambo huwa magumu kidogo. Kwa tairi lisilo na tyubu, mpira wa shina la valvu ndio uliokatika. Kwa tairi lenye tyubu, hiyo si hakika kamwe: maji yaliyotoka kwenye pancha upande wowote hutafuta njia kati ya tyubu na tairi, na mara nyingi hutokea papo hapo penye valvu. Fundi asiyelijua hili hununua valvu bure.

Chanzo cha uharibifu kwa kawaida ni mabua, visiki au mawe yanayoigonga valvu. Chanzo cha pili hakitajwi sana, ingawa kina madhara makubwa zaidi. Tairi lenye upepo mdogo huteleza juu ya rimu trekta inapovuta mzigo mzito, likienda na tyubu yake, huku valvu ikizuiwa na tundu la rimu. Hatimaye shina hung'oka kwenye mpira. Valvu iliyoanza kuegemea upande mmoja ni onyo tosha.

Kabla ya kufungua chochote, trekta husimamishwa mahali tambarare penye ardhi ngumu, magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi, na mhimili wa nyuma huinuliwa kwa jeki kisha kuegemezwa juu ya magogo imara. Jeki peke yake haitoshi. Gurudumu lenye maji na vyuma vya uzani hupita kilo 500, na likimwangukia mtu hawezi kujinasua. Kuinua kuna sababu nyingine pia: upepo ukitolewa huku tairi limebeba trekta, tairi hubonyea, maji hupanda na kufoka kwenye valvu.

Valvu ikiwa juu, kiini hutolewa kwanza na upepo wote kuachwa uishe ndipo sehemu ya ndani ifunguliwe. Anayeifungua kabla ya hapo huenda akarushiwa kipande cha shaba usoni. Ikiwa hesi za nje ndizo zilizobonyezwa, huweza kuchongwa upya kwa kifaa cha kukatia hesi.

Shina likiwa limeng'oka kwenye tyubu, maji lazima yatolewe. Valvu huteremshwa chini na maji kukingwa kwenye mapipa. Pipa moja la lita 200 halitoshi. Yale yanayobaki chini ya usawa wa rimu husukumwa nje kwa upepo wa kompresa kupitia mpira mwembamba, iwapo tyubu bado inashika upepo. La sivyo hunyonywa kwa pampu.

Si lazima gurudumu litolewe kwenye trekta. Mdomo wa tairi wa upande wa nje peke yake hubanduliwa kwa mitaimbo na maji ya sabuni, wala si kwa grisi au mafuta, ambayo huharibu mpira. Tyubu huvutwa nje kupitia hapo. Kubandika kiraka baridi penye shina la valvu ni kupoteza pesa, kwani sehemu hiyo hujikunja daima. Kiraka cha kupikwa kwa moto huweza kudumu kikiwa mikononi mwa fundi stadi, lakini tyubu mpya ni bora. Tairi lenyewe ndilo la kuhifadhiwa, hasa baada ya kiwanda cha Sameer Africa jijini Nairobi, kilichokuwa cha Firestone, kuacha kutengeneza matairi mwaka wa 2016.

Kabla ya tyubu mpya kuingia, tundu la rimu husuguliwa kutu, kingo zake kali hulainishwa kwa tupa na kupakwa rangi. Tyubu hupakwa poda, hujazwa upepo kidogo, huachiliwa wote ili mikunjo ijinyoshe, kisha hujazwa tena. Wakati mdomo wa tairi unapokaa mahali pake, upepo usipite pauni 35 kwa kila inchi ya mraba, na anayejaza asimame kando, si mbele ya gurudumu. Ukikataa kukaa, upepo hutolewa na sabuni kupakwa upya. Kuongeza nguvu za kompresa kumewahi kupasua rimu na kuua mafundi katika nchi nyingi.

Kujaza maji ni kazi ya subira. Valvu huwekwa juu, pipa huinuliwa mahali pa juu kuliko tairi, na mpira huchomolewa mara kwa mara ili upepo wa ndani utoke. Maji yachujwe kwa kitambaa, kwa kuwa mchanga mmoja tu huzuia kiini kisifunge. Yanapoanza kumwagika kwenye valvu, tairi limefika robo tatu, na sehemu iliyobaki ni ya upepo. Kwa tairi la radiali, watengenezaji wengi hushauri maji yasizidi asilimia 40.

Nafasi hiyo ya upepo ni ndogo, hivyo hata uvujaji kidogo hushusha kipimo upesi. Gurudumu linafaa kupimwa siku ya pili na tena baada ya juma moja, valvu ikiwa mahali palepale kila mara, kwa sababu ikiwa chini uzani wa maji huongeza kipimo. Kifuniko cha chuma chenye mpira ndani hurudishwa kila baada ya kupima.