Usukani Usiosikia

Alfred Clair Haynes, ambaye wote walimwita Al, alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Paris, ule wa jimbo la Texas. Alianza chuo akakiacha, akaingia jeshini mwaka 1952 kujifunza urubani, na mwaka 1956 akaajiriwa na shirika la United Airlines. Alilitumikia miaka 35. Ukiondoa alasiri moja ya mwezi Julai, miaka hiyo haina mengi ya kusimulia, na kwa rubani wa abiria hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Makazi yake yalikuwa Seattle, pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Siku ambazo hakuwa safarini aliamua mechi za besiboli za watoto, na katika michezo ya shule ya sekondari ndiye aliyeshika kipaza sauti na kuwatangaza wachezaji. Majirani walimjua kwa hayo kabla dunia haijamjua kwa jingine.

Ili kumwelewa, lazima tuitazame kazi yake ilivyokuwa. Zamani kapteni wa ndege alikuwa mfalme, na mdogo wake hakuthubutu kumsahihisha. Mwaka 1977, katika uwanja wa Tenerife, kapteni wa shirika la KLM alianza kukimbiza ndege katikati ya ukungu kabla hajaruhusiwa kuruka. Mhandisi wake aliuliza kama ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Alijibiwa kwa mkato, naye akanyamaza. Ndege hizo mbili ziligongana, watu 583 wakafa. Mwaka uliofuata, karibu na Portland, ndege ya United yenyewe iliishiwa mafuta angani huku kapteni akihangaikia magurudumu, na wenzake walitaja mafuta bila kusisitiza. Kumi walipoteza maisha. Hapo shirika likaanza kuwafundisha marubani jambo linaloonekana dogo: mdogo aseme, mkubwa asikie. Wako wakongwe walioyacheka mafunzo hayo. Haynes aliyachukua.

Tarehe 19 Julai 1989 alikuwa kapteni wa ndege ya DC-10 kutoka Denver kwenda Chicago, yenye watu 296. Saa tisa na dakika 16 alasiri, kwenye futi 37,000, injini ya mkiani ilipasuka. Vipande vyake vikakata mabomba ya haidroliki, yale yanayopeleka nguvu kwenye mabawa na mkia. Mifumo ilikuwa mitatu, kila mmoja ukiwa akiba ya mwingine, na yote ikamwaga majimaji yake. Rubani msaidizi William Records aligeuza usukani hadi mwisho, ndege isitii. Wakapiga redio kwa mafundi wa shirika huko San Francisco kuuliza utaratibu. Haukuwapo, maana waliounda ndege hiyo hawakudhani mifumo yote mitatu ingeweza kufa pamoja.

Miongoni mwa abiria alikuwamo Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani wa DC-10, ambaye alimtuma mhudumu akaseme kwamba yuko tayari kusaidia. Haynes alimwita mara moja. Fitch akachukua nafasi katikati ya viti, akashika vishikio vya injini mbili zilizobaki, moja kwa kila mkono: akiongeza kulia na kupunguza kushoto, ndege inageuka, akiongeza zote, pua inainuka. Kama jahazi lililovunjika usukani, wakabaki kulielekeza kwa tanga. Muda wote ndege ilivutwa kulia, ikipanda na kushuka kwa mawimbi marefu. Mhandisi Dudley Dvorak aliendelea na redio na vipimo. Kwa dakika 44 walishauriana, kwanza watatu kisha wanne, na ukisoma maneno yao yaliyorekodiwa unaona Haynes akiuliza kuliko akiamuru. Anatania pia. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wake ulipo, kuliko pale chini uwanjani.

Uwanjani, Sioux City katika jimbo la Iowa, walifika karibu saa kumi kwa mwendo mkali kupita kiasi. Bawa la kulia liligonga ardhi, ndege ikavunjika, ikashika moto, na kipande kikubwa kikaishia katika shamba la mahindi. Walikufa watu 112, wakanusurika 184. Baadaye marubani wengine walijaribu kutua hivyo kwenye mitambo ya kuigiza urushaji, na hawakuweza.

Chanzo kilikuwa diski ya titani katika feni ya injini ile, yenye kasoro iliyoingia tangu metali hiyo ilipoyeyushwa. Ufa ulikua mwaka hadi mwaka, na wakaguzi hawakuuona. DC-10 zilizobaki ziliwekewa kizuizi ili haidroliki yote isimwagike tena.

Haynes alirudi kazini baada ya miezi michache, akastaafu mwaka 1991 alipotimiza miaka 60, kama sheria ilivyotaka. Hakupenda kuitwa shujaa. Wale 112 hawakumtoka moyoni. Alizunguka akitoa mihadhara kwa marubani, wazima moto na madaktari, na katika orodha yake ya mambo yaliyowaokoa, bahati ilitangulia. Hali ya hewa ilikuwa tulivu. Askari 285 wa Walinzi wa Taifa walikuwa zamuni uwanjani siku hiyo. Hospitali zilikuwa zinabadilishana zamu, hivyo madaktari na wauguzi wa zamu mbili walikuwapo. Na mji ulikuwa umefanya zoezi la ajali ya ndege kubwa miaka miwili kabla.

Nyumbani bahati haikumfuata. Mwanawe mkubwa alikufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1996, na mwaka 1999 akampoteza mkewe. Kisha binti yake akapatwa na ugonjwa wa damu uliohitaji kupandikizwa uboho, tiba ambayo bima haikuilipa yote. Habari ziliposambaa, michango ikaanza kuingia, mingine kutoka kwa watu aliowashusha wakiwa hai Sioux City. Upandikizaji ukafanyika. Haynes alifariki Seattle tarehe 25 Agosti 2019, akiwa na miaka 87.